Kopo lenye Vitako Viwili

Nilifika Tandahimba na dodoso la kurasa kumi na mbili
na mchoro wa visanduku na mishale.
Kisanduku cha juu kabisa kilikuwa kitupu: KINARA.
Mwalimu wangu alisema, fuata fedha, utakiona kichwa.
Nikafuata fedha.
Zikanifikisha kwenye kopo.

Kopo la rangi, halina mfuniko,
kutu imekula jina la kiwanda.
Somoe Nang'unde alilivuta kutoka uvunguni
kama mtu anayetoa viatu vya marehemu.
"Hili," akasema, "lina vitako viwili."

Mwezi wa tatu, njaa ikishakaa barazani,
kitako hugongwa kiingie ndani.
Unga hujaa upesi, humwagika hata,
na mkopaji hushukuru.
Mwezi wa kumi hugongwa kitoke nje.
Korosho zinatumbukia,
zinatumbukia,
halijai,
na likijaa huitwa kilo.

Nililipeleka kwenye mizani ya chama:
kilo moja, na robo, na punje tisa.

Anayegonga ni Nandonde, fundi bati,
mara mbili kwa mwaka, shilingi mia tano.
Nilimwandika chini ya "washirika".
Kisha akaniambia naye hukopa unga,
na hupimiwa kwa kopo hilohilo,
kwa kitako alichokigonga mwenyewe.
Nikafuta. Nikaandika tena kwa penseli.

Mwenye pikipiki huja usiku, taa kazima,
gunia mbili mbele, daftari kifuani.
Asubuhi mzigo unaingia ghalani
kwa jina la mkulima tuliyemsomea hitima mwaka juzi,
na stakabadhi yake nyeupe kama sanda.
Makarani wanagonga mhuri. Mnada unaendelea.
Marehemu analipwa benki.

Somoe aliuza maua.
Mikorosho kumi na minane, mwezi wa saba,
hata salfa haijakauka majanini,
ili mwanawe alazwe Ndanda.
Mchoro wangu hauna kisanduku cha maua.
Hauna cha mwezi wa tatu.

Nikafika swali la thelathini na moja:
Je, unamfahamu mkubwa wao?
Akaitazama simu yangu mkekani,
ile nukta nyekundu inavyopepesa.
"Na wewe, mwanangu,
haya maneno yangu unayapimia kopo gani?"

Nikasubiri. Akaanza kupepeta mtama.

Nikaandika: Hakujibu.