Mchwa wa Safina

Shule ya Jumapili tunaifanyia stoo,
nyuma ya madhabahu, penye ngoma ya kwaya
na mfuko wa saruji ulioganda tangu mwaka ule
wa ahadi ya kupanua kanisa.
Watoto kumi na saba. Wiki iliyopita ishirini na mmoja:
palikuwa na biskuti.

Hapa Ngomeni upepo ukitokea upande wa korona
unaleta uchachu wa mkonge uliosagwa,
nasi tumeuzoea
kama mtu anavyozoea kikohozi cha jirani.
Mabenchi yetu ni ya mbao laini.
Fundi Semhando kayasimamisha miguu
ndani ya makopo ya maziwa, akamimina oili chafu,
mchwa wasipande.
Wanapanda.
Wanapita wapi, hajui fundi, sijui mimi.
Ukinyamaza wakati wa sala utawasikia:
tk, tk, tk,
wanafanya kazi siku ya Bwana.

Siku hiyo nilifundisha safina.
Nilichora kwa chaki, twiga katoa shingo dirishani,
kama nilivyochorewa mimi.
Nikauliza: wanyama waliingiaje?
Wawiliwawili! wakaitikia, na Anjelina akaongeza
ng'ombe jike na ng'ombe dume, mbuzi jike na mbuzi dume,
akaenda hivyo mpaka kwenye bata,
ikabidi nimkatishe.

Ndipo Gwakisa akanyoosha mkono.
Gwakisa wa kambi namba nne, mwana wa mkataji,
waliokuja kutoka Tukuyu na sufuria mbili na godoro.
Hanyooshi mkono kamwe, huyu.
Sadaka yake hukaa shavuni kama pipi
hadi kapu limfikie.
Akaitoa kwanza, akaifuta kwa shati.

"Mwalimu, na mchwa?"
"Mchwa wamefanyaje?"
"Nao waliingia?"
"Waliingia."
"Safina si ya mbao?"

Hata ng'ombe wa Anjelina walinyamaza.
Na katika kimya kile, Mungu anisamehe,
chini ya benchi la tatu:
tk, tk, tk.

Nitamwuliza mwinjilisti, nikasema.

Mwinjilisti Shekiondo alicheka mpaka akavua miwani.
Mwambie Nuhu alipaka lami, ndani na nje.
Nikamjibu, fundi naye kapaka oili.
Akavaa miwani, akaangalia paa,
akaniuliza habari za nyumbani.

Wiki nzima nilikuwa na mchwa kichwani.
Nafua, wapo. Napepeta mchele, wapo.
Usiku wa Alhamisi nikamwona mzee Nuhu kitandani,
mvua inapiga juu, simba anakoroma chini,
na karibu na sikio lake, ndani ya ubao,
tk, tk.
Anajua ni nini. Anajua maji yana kina gani.
Anavuta shuka, anageukia ukutani.
Hawatupi nje.
Wamekaribishwa kama yeye alivyokaribishwa.

Nililibeba jibu langu hadi Jumapili
kama mtu abebaye mayai.

Gwakisa hayupo.
Lori lilipita Ijumaa kambi namba nne,
mkataba wa baba umekwisha,
wengine wanasema Kimamba, wengine wanasema mbali zaidi.
Kwenye daftari nilipaswa kuandika amehama.
Niliandika hayupo.
Wiki iliyofuata pia, hayupo.
Mpaka leo nina mtoto mmoja mtoro.

Kisha ikanyesha, usiku kucha wa Jumamosi,
na asubuhi, katikati ya amri ya nne,
sakafu chini ya benchi la tatu ikapasuka
wakatoka.
Kumbikumbi! Stoo ikajaa mabawa,
nani tena atasikiliza amri,
watoto juu ya ngoma, juu ya saruji,
wanakinga magauni, wanatafuna wabichi,
na mimi, nisiseme uongo, nilionja watatu.

Anjelina akaja amefumba kiganja.
Akafumbua: wawili, mabawa yameshang'oka,
wanafuatana, mmoja nyuma ya mwenzake.
"Jike na dume," akasema.
Umejuaje?
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake.
"Si wewe ulisema."