Dakika Isiyokuwa kwenye Kazi

Mwalimu Tsiuri ametupa kazi ya wiki:
tafuta watu wanne, wapime uzito,
wapande na kushuka benchi dakika tatu,
hesabu mapigo yao mara wanapoketi,
hesabu tena dakika moja ikishapita.
"Msiniletee maoni," alisema. "Nileteeni namba."

Mvua ya Kutaisi haina haraka.
Jikoni kwetu benchi ni lile la kukandia unga,
mguu mmoja unalegalega,
nimeukaza kwa kipande cha sanduku la viatu.
Mdundo ni kijiko cha bibi Pelagia juu ya sufuria:
juu, juu, chini, chini,
kama anaita kuku aliowaacha kijijini.

Mama kwanza. Kilo hamsini na sita, pamoja na aproni.
Anapanda huku akinisimulia bei ya jibini.
Mia na nne. Dakika moja: themanini na mbili.
Sentensi yake haikukatika hata mara moja.

Kaka yangu Gocha, mwembamba kama ufito,
kilo sitini na moja, sigara mfukoni.
Mia thelathini na sita. Anacheka, anakohoa.
Naandika. Ufito nao una siri zake.

Shangazi Lamzira, kilo tisini na saba,
hugawa barua katika majengo ambayo lifti zake
hazipandi mpaka zimezwe sarafu,
naye hajawahi kuilisha lifti.
Benchi linalia, goti linalia,
lakini moyo wake ni tarishi kama yeye:
unabisha, unaacha mzigo, unakwenda zako.
Mia na kumi na nane. Dakika moja: themanini na nane.
Kwenye grafu nukta yake imekaa mbali na mstari
kama mgeni aliyekuja bila kualikwa
na hana mpango wa kuomba radhi.

Halafu baba.

Badri mwokaji, mwanamieleka wa zamani,
medali yake inalala droo moja na vizibo vya chupa.
Mizani ya bafuni ilifika mwisho, mshale ukagoma.
Tukashuka hadi tanurini, kwenye mizani ya unga:
mia thelathini na mbili.
"Magunia mawili na nusu," alisema, "na mikate ya nyongeza."

Alianza na utani. Dakika ya pili utani ukaisha.
Kisha nikasikia kijiko kinachelewa.
"Bibi, usipunguze!"
"Sijapunguza," akasema bibi, akapunguza.

Benchi ni lile lile, kimo ni kile kile,
lakini mlima si mmoja.
Mama hujibeba mwenyewe, gunia moja na ushee;
baba hubeba mama wawili na zaidi,
na wa kuwapandisha wote ni msuli mmoja
usiojua mieleka, usiojua medali.

Nilishika kifundo chake: makovu ya tanuri,
unga katika mikunjo, vinyweleo vilivyoungua.
Sikumbuki ni lini mara ya mwisho nilimshika mkono.
Mia sabini na moja.
Dakika moja: mia hamsini na nane.
Nikashika dakika nyingine, isiyokuwa kwenye kazi:
mia arobaini na tisa.
Nikashika nyingine.

"Andika mia na ishirini," alisema taratibu.
"Tsiuri nilisoma naye darasa moja."
Baba yangu hajawahi kuniomba kitu.
Kalamu ilikuwa ya wino.
Niliandika nilichohesabu, naye akatazama
wino ukikauka, kama anavyotazama mkate kwenye tanuri,
bila kuugusa.

Hakusema neno. Alikula chakula cha jioni, kama kawaida,
akaongeza mara mbili, kama kawaida,
mama akapeleka sahani jikoni kwa kelele.

Alfajiri anapomaliza kuoka hupanda na lifti;
sarafu ikidondoka, naisikia kitandani.
Leo sikuisikia.
Nilisikia viatu. Ghorofa ya kwanza.
Ya pili. Hapo vikasimama.
Nimeweka vidole viwili shingoni mwangu, gizani,
nangoja viatu vile,
nahesabu.