Kibaba cha Kinghorn

Jumanne, saa nne, maji yamekupwa.
Watoto ishirini na wawili, buti za mpira,
wamechutama kwenye mstari wa mwani
kama wanaochambua mchele.
Nimewapa vichungio vya chai na makopo ya mtindi.
"Tafuteni chembe," nasema, "ndogo kama dengu,
nyeupe, au njano kama jino la mvuta tumbaku."

Mvua ya Fife haikunyeshei, inakupangusa.
Mirren anahesabu kwa sauti hadi mia mbili na sita,
anapiga chafya, anasahau, anaanza moja.
Oskar amepata kijiti cha kusafishia masikio,
amekichomeka mchangani,
bendera ya nchi isiyo na mtu.

Nawaambia: hii ni plastiki ambayo bado haijawa kitu,
haijawa ndoo, haijawa kalamu.
Mfuko ulipasuka gatini; nani aliinama kuokota?
Samaki huona mayai. Ndege huona mayai.
Hula, hushiba, hufa njaa.

Kisha ulimi ukateleza, ukaenda kwetu:
haba na haba hujaza kibaba.
"Kibaba ni nini, Mwalimu Saumu?"
Nikakinga viganja: kipimo cha nafaka, hivi.
Nikasikia methali ikinigeukia mdomoni,
ile tuliyofunzwa ya kuweka akiba,
sasa yahesabu deni.

Struan, asiyesema darasani,
alikuja na chembe moja kidoleni.
"Nikiipanda, itaota?"
Wenzake walicheka. Sikucheka.
Tukaipanda. Kikombe kimoja, udongo mmoja:
upande huu haragwe, upande ule yeye.

Haragwe lilitokeza siku ya tisa,
limeinama kama aliyechelewa shule.
Likaparamia uzi wa dirisha, likachanua.
Na kila asubuhi Struan alimwagilia
pande zote mbili, kwa haki.

Juni, wiki ya mwisho, tulimwaga kikombe juu ya gazeti.
Haragwe lenyewe halikuwepo: limekwisha kuwa mzizi.
Chembe ilikuwepo.
Aliifuta kwa mkono wa sweta,
ikang'aa kama siku ile ya kwanza.
Akaiuliza yenyewe, si mimi:
"Utakaa mpaka lini?"

Mwaka wa kumi na nne huu nafundisha.
Swali lile sikuliandikia jibu ubaoni.
Kopo liko rafuni, halijafika nusu kibaba,
na Jumanne maji yatakupwa tena.