Tatu Nukta Sita

Mchoro ni wa mwaka sitini na sita, karatasi ya buluu
iliyokunjwa hadi mikunjo ikawa mipasuko.
Mkono wa mtu ambaye sasa ni marehemu umeandika:
mchapuko, tatu nukta sita.
Tatu nukta sita nini?
Hakusema. Enzi zake hapa Dundee kila kitu kilikuwa futi,
na nani kwetu hujisumbua kusema ugali wa kuliwa?

Kijana wa ofisini akaiokota namba ilivyo,
uchi, haina kizio, haina ukoo,
akaitia kwenye ubongo mpya wa lifti
usiojua ila mita.

Jumatatu, saa tatu asubuhi
(kwao ni tisa; miaka kumi na miwili naongeza sita,
natoa sita, hata ndotoni),
tukaingia, mimi, Struan, na kikombe chake cha chai.
Mlango ukajifunga.

Sakafu ikatupiga nyayo.
Magoti yangu yakawa ya bibi yangu.
Chai kwanza ilijikunyata chini ya kikombe,
kisha, lifti iliposhiba mwendo, ikaruka
ikamkuta Struan ndevuni.
Alisema neno ambalo sitalitafsiri.

Ghorofa ya kumi na nne tukaketi ngazini na penseli.
Futi moja ni sifuri nukta tatu sifuri nne nane ya mita.
Zidisha kwa tatu nukta sita:
moja nukta sifuri tisa saba, na mkia.
Kumbe! Marehemu alitaka watu wainuliwe
kama mtoto aliyesinzia mkekani
anavyohamishiwa kitandani.
Sisi tulipewa mara tatu na ushei.

"Mita kwa sekunde naielewa," akasema Struan.
"Ila hiyo sekunde ya pili inatafuta nini pale?
Mraba wa sekunde, nani amewahi kuuona?"
Nikamwambia: haba na haba.
Sekunde hii mita moja, inayofuata mbili, inayofuata tatu.
Mwendo ni kile kilichomo kibabani.
Mchapuko ni mkono unaomimina.

Akatafuna penseli. Je, ukiulinganisha na mvuto wa dunia?
Sehemu moja ya tisa, ukikadiria.
Na kwa gali, kipimo cha wanaopima miamba?
Mia moja na tisa nukta saba.
Tazama, namba inavaa na kuvua
na lifti ni ileile, chuma kilekile, nyaya zilezile.
Muheza mimi ni binti Shekigenda, mwenye maneno mengi.
Kwenye hati ya mshahara ni tarakimu nane.
Hapa ngazini, kwa Struan, ni "bosi".
Kigawe gani kinanitoa huku kunipeleka kule
bila kuacha mkia wa desimali,
sijakipata.

Mlango ukafunguka. Bi Petrie, miaka themanini na moja,
viatu vya manyoya, trei ya mayai ya kumpelekea jirani wa chini.
"Mmekwisha?"
Karibu, tukasema.
"Ile ya zamani," akasema, "nikishuka,
tumbo langu lilibaki hapa mlangoni,
likanifuata polepole, kwa adabu.
Hiyo mpya ya leo asubuhi nimeisikia kupitia ukutani."

Tumbo. Nikatafuta jedwalini. Halimo.

Nikafuta tatu nukta sita, nikaandika moja nukta moja,
na kizio kando yake, kwa wino, herufi nene
kama za kwenye gunia la mchele.
Tukashuka sote watatu.
Bi Petrie akafumba macho.
Mayai yakagongana kidogo, kama yanaulizana hali.
"Hapo," akasema.
Hapo ngapi? akauliza Struan, kalamu juu ya fomu.
"Hapo."

Nikamwachia ajaze mwenyewe.
Ndevu zake bado zilinukia chai.