Mahindi Sita

Nimelima mahindi hapa Nebraska miaka arobaini na miwili
na sikuwahi kula hata punje ya shamba langu.
Yalikuwa magumu kama changarawe. Ya ng'ombe,
ya viwanda, ya kugeuzwa mafuta ya magari
yapitayo barabara kuu bila kutugeukia.
Ya kula, tulinunua.

Leo pia. Meza ya akina Hruska, kando ya njia,
haina muuzaji, ila kopo la kahawa
lenye tundu kifunikoni. Nikatumbukiza dola nne,
nikachagua sita, nikiyapapasa kama mkunga.

LaVonne hachomi. LaVonne huchemsha:
dakika nne, sufuria ya mama yake, basi.
Jiko la gesi waliloleta wavulana
alilibatiza "trekta la uani",
likakaa chini ya turubai miaka mitatu
buibui wakizaliana mabombani.

Lakini Machi ilimwangusha jikoni.
Mkono wake wa kulia ulibaki huko Machi,
na sufuria ile, nikiishika mimi, hainitii.

Basi nimefungua koki. Nimebonyeza.
Tk. Tk. Tk.
Kisha buluu yote kwa mkupuo, nikaruka nyuma,
naye kitini pake akacheka
kwa upande mmoja wa mdomo.

Nilikuwa nimeyaloweka ndooni na maganda yake.
"Ndevu," akasema. Maneno yake siku hizi
huja yakiburuza mguu. "Zitoe. Zitaungua."
Nikamwambia zitatoka zenyewe.
Ziliungua. Ua mzima ukanuka kinyozi.

Nageuza kwa koleo, robo kwa robo.
Ganda linakauka, linajikunja, linaachia,
punje zinachungulia nje kama watu
waliosikia ugomvi kwa jirani.
Na hapo, tukiwa robo ya tatu, mwali ukalegea,
ukawa ulimi, ukawa ncha,
ukawa hakuna.

Mtungi mtupu. Jumapili. Duka liko maili kumi na tisa
na mwenyewe yuko kanisani.
Nyuma ya ua, ekari mia tatu zisizolika
zilikuwa zikisugua majani, shaa, shaa,
na mimi nimeshika koleo.

"Funika," akasema LaVonne.

Nikafunika. Chuma nacho hukumbuka.
Yeye ndiye aliyehesabu dakika,
kwa vidole vya kushoto, mara mbili.

Nilimpukuchulia la kwanza kwa kisu, sahanini,
nikaweka siagi, chumvi, na kijiko.
Akaisukuma sahani.
Akalitazama gunzi langu.

Basi nikalishika hilo kwa ncha zake mbili,
nikalisogeza kinywani mwake, akauma,
nikageuza, akauma, nikageuza,
robo kwa robo, siagi ikimtiririka kidevuni
hadi kiganjani mwangu.
Upande mmoja mkaa, upande mmoja maziwa.

"Bichi," akasema.
Akatafuna. Akameza.
"Lete lingine."