Yoyote, Mwanangu

Ghorofa ya pili Kinondoni, juu ya duka la rangi,
nafuga nyumba elfu mbili na mia tatu
ndani ya jedwali moja.
Kila nyumba na mstari wake:
luku ya peke yake au ya kuchangia,
maji ya bomba au ya kisima cha chumvi,
kodi ya miezi mitatu, sita, mwaka,
na safuwima niliyoiongeza mwenyewe baada ya mvua za Aprili:
maji yaliwahi kufika dirishani?

Kindamba, dalali wa viatu vilivyokwisha visigino,
husema nyumba haitafutwi, hunuswa.
Mimi nimesomea. Nasema kupenda ni alama tu:
hiki kuliko kile, kile kuliko kingine,
na viwili visipolinganika
viache visimame bega kwa bega,
usivilazimishe foleni.
Nyumba inayozidiwa kwa kila kigezo naifuta.
Inayoshinda japo kwa kimoja, naibakiza.
Nilidhani ni sheria yenye huruma.

Jumanne wakaja kina Pazi.
Pazi: bei kwanza, mengine yafuate kama mkia.
Mwamvita mkewe: maji ya Jangwani yalimbebea friji
na vyeti vya shule; yeye ni kilima,
kilima, hata kiwe chumba kimoja.
Zamda binti yao anasoma Mabibo: karibu na chuo, basi.
Na mama yake Pazi, Bi Sikudhani, kwenye kiti cha plastiki,
pochi mapajani. Nikamwuliza na yeye.
"Yoyote, mwanangu."

Nikaiacha safuwima yake tupu.
Mashine ikausoma utupu ule:
kwake zote sawa.

Zikabaki tatu, Mbagala, Tabata, Kimara.
Wengi wape. Haya, nikawapa.
Wawili kati ya watatu: Mbagala kuliko Tabata.
Wawili kati ya watatu: Tabata kuliko Kimara.
Wawili kati ya watatu: Kimara kuliko Mbagala.
Nikahesabu upya, kwa vidole, chini ya meza.
Kila mmoja peke yake ana akili timamu;
ukiwajumlisha, wanakuwa kizunguzungu.

Ningeweza kuweka daraja:
mlipa kodi atangulie, wengine wachague kwenye makombo yake.
Kompyuta ingetii kabla sijapepesa.
Mwamvita alikitazama kidole changu juu ya kitufe,
hakusema kitu.
Nikakitoa.

Kindamba, aliyekuwa akitafuta chaja,
akachuchumaa mbele ya kiti cha plastiki.
Hakuuliza nyumba.
"Bibi, kukikucha huwa unakaa wapi?"
"Mlangoni. Na chuma changu cha vitumbua.
Watu wapite, nami niwaone."
"Na magoti?"
Akacheka kidogo. "Magoti ni ya Mungu."
Kindamba akanigeukia:
"Ile ya Kimara, toka barabarani, ngazi ngapi?"

Sikuwa na safuwima ya ngazi.
Alizijua yeye. Thelathini na moja,
na ile ya kumi na tisa imevunjika.

Pazi akainamisha kichwa. "Mama, mbona hukusema?"
"Nilisema yoyote," akajibu Bi Sikudhani.
"Sikusema sawa."

Kimara ikatoka, duara likakatika,
Mbagala ikashinda kwa kura mbili dhidi ya moja,
wakalipa ya miezi sita wakaondoka.

Usiku ule nilirudi kwenye jedwali.
Pale penye "hana neno"
nikaongeza thamani nyingine: "hajaulizwa vizuri."
Mistari mia nane na kumi na miwili ikabadilika rangi.

Nasikia vitumbua vinatoka,
saa mbili asubuhi havipo.
Nasikia pia Zamda huamka saa kumi alfajiri
kukimbilia Mabibo, na baba yake hawasemezani.
Kura moja ile, dhidi ya mbili.
Imo kwenye jedwali, nimeihifadhi,
kila nikiifungua naikuta macho.