Bahasha ya Ishirini na Saba

Zdravka anafungua bahasha ya ishirini na saba.
Sindano kumi na mbili za mberoshi, kijani kilichochakaa,
na kikaratasi cha Stoyu, mlinzi wa msitu:
*Mteremko wa kaskazini. Theluji magotini. Mbwa amekula mkate wangu.*
Anakiweka kando. Spektromita haiulizi habari za mkate.

Sindano moja anailaza juu ya almasi
ndogo kama punje ya mtama,
anashusha mkono wa chuma, tik,
na mwanga usioonekana, ndugu yake joto,
unapita ukibisha:
hodi kwenye nta, hodi kwenye sukari,
hodi kwenye utomvu uliolala.
Kila pingu kati ya atomu na atomu
hutikisika kwa namna yake,
na kinachotikisika hula sehemu ya mwanga.
Masalio ndiyo yanayochorwa kwenye skrini,
mstari wa vilele na mabonde,
kama Rodopi yenyewe ukungu ukiinuka.

Macho husema: mberoshi ni mberoshi.
Yamesema hivyo miaka mia.
Lakini nta ina lafudhi.
Miti ya kileleni, iliyozoea upepo mkavu, huitamka kwa mkazo;
ya bondeni humeza silabi.
Na hii?

Zdravka anasogeza kiti.

Hii imewakimbia jirani zake kwenye grafu,
miti iliyo hatua mia mbili tu kutoka ilipochumwa.
Imejikunyata katikati ya nukta nyekundu,
nukta za Ugiriki,
ng'ambo ya waya uliong'olewa yeye akiwa bado shule.

Anaipangusa almasi kwa spiriti. Anapima tena. Na tena.
Pengine ni kivuli, pengine udongo,
pengine Stoyu kachanganya bahasha, vidole vikiwa ganzi.
Mwanga unajua kufanana, haujui kuapa.
Kiapo kitatoka kwenye vinasaba, Plovdiv,
mwezi wa tatu, fedha zikipatikana.

Hata hivyo chavua haikuwahi kuomba pasi.
Miaka ile askari waliposinzia na bunduki mapajani,
vumbi la manjano lilivuka juu ya kofia zao kila Mei,
likaposa, likaoa,
bila mtu kupiga king'ora.

Bibi yake alikuwa na dada upande ule.
Alikuwa pia na majina mawili,
moja la kuzaliwa, moja la kuandikiwa ofisini,
na hakuitika kwa lile la pili hadi anazikwa.
Walikutana mara moja, uzeeni, kwenye soko la Xanthi.
Sura zilikuwa zimeshahama.
Walitambuana kwa kukohoa.

Saa kumi na moja jioni. Zdravka anapiga simu.
— Stoyu, ule mti uliuwekea alama?
— Upi? Nimechuma miti arobaini.
— Wa mbwa na mkate.
Kimya; upepo kwenye simu, au pumzi za mbwa.
— Huo naujua, anasema. Huo naukuta hata gizani.